Petroli ya Siku ya Mwisho

Absalom alirudi nyumbani na majembe matatu: moja lake, moja la mkewe, na moja dogo la mpini mfupi ambalo yeyote angejua ni la mtoto. Aliyaegemeza ukutani nje ya chumba chao cha kupanga, pale Manyatta, Kisumu, mahali ambapo hapakuwa na udongo wa kulima hata wa kujaza kikombe, kisha akasimama kando yake kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Lornah alikuwa kwenye karai, akigeuza mgongo wazi. Huo ndio uliokuwa mtaji wake: mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa na kupelekwa kwa watu wa mbali. Ina nyama kidogo kichwani na kidogo mbavuni, lakini ikikaangwa na mtu anayejua, mteja husahau kwamba minofu iliwahi kuwapo. Aliyatazama majembe. Akalitazama karai. Akageuza samaki mwingine.

"Baba Joram, tunaenda kulima barabara?"

"Tunaenda nyumbani," alisema Absalom. "Jumamosi ijayo. Nimeshaongea na baba mdogo, Baba Obonyo. Tunatoka kwenye simba, tunapiga dala letu."

Kupiga dala si neno la kurushwa mbele ya karai la samaki. Mwanamume akishaoa na kupata mtoto wa kiume, hufika siku akatoka kwenye simba, ile nyumba ndogo aliyojengewa ujanani ndani ya boma la baba yake, akaenda kufungua boma lake mwenyewe. Mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jogoo. Mume hubeba shoka. Mke hubeba moto. Na pasipo mke mwenye moto, mume huyo hata akibeba mashoka kumi, ataonekana tu kama mtu aliyekwenda kutafuta kuni. Lornah aliitamani siku hiyo tangu alipoolewa. Alichokuwa hajui ni kwamba ingeletwa na mwisho wa dunia.

"Na kazi?" aliuliza.

"Kazi gani? Mafuta yanaisha, Mama Joram. Usidhani ni hapa kwetu tu. Yanaisha huko chini kwenye ardhi yenyewe. Kuna mtu anaeleza vizuri kwenye simu, ana mpaka michoro. Kwanza pampu zinakauka. Halafu malori yanasimama. Malori yakisimama, unga haufiki, dawa hazifiki, na mji unakuwa kama samaki, kama ngege aliyetupwa mchangani. Anaruka, anaruka, analala. Mwenye shamba ndiye atakula."

"Na mgongo wazi?"

"Kiwanda cha samaki kinaendeshwa na nini? Mate?"

Mteja mmoja aliyekuwa ameinamia sahani yake kwenye benchi aliinua kichwa. "Shemeji, tafadhali. Hiyo dunia ingoje nimalize hiki kichwa."

Watu walicheka, na Lornah alicheka nao, maana mteja haachwi kucheka peke yake. Lakini Absalom hakucheka. Aliingia ndani, na baada ya kitambo sauti ya yule mtu wa michoro ikasikika kutoka kwenye simu, ikieleza kwa utulivu mkubwa jinsi kila kitu kitakavyokwisha.

Kesho yake mchana alikuja Emmaculate. Huyu alikuwa msichana wa pampu ya pili pale kituo cha mafuta alikofanya kazi Absalom, barabara ya kuelekea Kakamega. Absalom ndiye aliyemfundisha kazi, kuanzia namna ya kushika bomba mpaka namna ya kumrudishia mlevi chenji yake bila ugomvi. Emmaculate aliagiza kichwa na ugali, akanawa, akaketi.

"Mama Joram, kwani mzee hajakuambia?"

"Kuhusu dala?"

"Dala gani? Kuhusu betri." Emmaculate alimega tonge. "Boss anajenga kibanda pale kituoni, cha zile pikipiki za umeme. Mtu wa boda anakuja na betri iliyokufa, anaacha, anachukua iliyojaa, anaenda. Boss anataka mtu mmoja asomeshwe namna ya kuzichaji na kuzitunza, na wa kwanza kuulizwa ni Absalom, kwa sababu wateja wanampenda. Unajua alijibu nini? Ati yeye si fundi wa tochi."

"Alisema hivyo?"

"Mbele ya watu. Boss akamwambia afikirie mpaka mwisho wa wiki."

Lornah alijifuta mikono kwa leso. "Kwa hivyo kazi ipo."

"Kazi ipo. Yeye ndiye hayupo."

Siku iliyofuata Lornah alimwachia jirani karai, akafunga chakula kwenye bakuli, akaenda kituoni. Hakwenda kugombana. Alitaka tu kuona mtu huyu aliyesema si fundi wa tochi ana uso gani akiwa kazini.

Aliona foleni kwanza. Pikipiki zilikuwa zimepangwa mpaka nje barabarani, nyingine zimesukumwa kwa mkono, wenyewe wamelala juu yake kama watu walio juu ya vitanda. Kwenye pampu kulikuwa kumetundikwa kadi ya boksi iliyoandikwa kwa kalamu nene: HAKUNA. Na kando ya kadi hiyo alisimama Absalom, shati lake la kazi limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate.

Gari kubwa lilikata foleni likasimama mbele yake. Kioo kikashuka, mteja akachungulia.

"Jaza."

"Pole, Boss. Hakuna."

"Hakuna? Mnaficha. Mnangoja bei ipande."

"Hapana, Boss. Tangi ni tupu. Tunangoja gari la mafuta."

"Sasa kama hakuna, wewe umesimama hapo kufanya nini? Nguzo?"

Watu wa boda walicheka. Walikuwa wamechoka, na kicheko kilikuwa cha bure. Absalom alitabasamu lile tabasamu la wateja, na gari lilipoondoka, tabasamu lilibaki usoni kama taa iliyosahaulika kuzimwa mchana. Lornah, aliyekuwa amejibanza kando ya mtu wa kuziba pancha, alilitazama tabasamu lile. Akaona kwamba huyu mume wake hakuwa ameogopeshwa na michoro ya simu. Alikuwa amechoka kusema hakuna. Mtu aliyezoea kuambiwa "jaza" akajaza, mtu aliyejulikana mjini kwa kutochelewesha mteja, sasa alikuwa analipwa ili atukanwe. Na mwisho wa dunia ulimfaa kwa sababu hiyo: dunia ikiisha, basi kosa si lake.

Alimpa chakula. Walikaa kivulini nyuma ya ofisi.

"Emmaculate ameniambia habari ya betri," alisema Lornah.

"Emmaculate ana mdomo."

"Mdomo wake umenisaidia. Wako ulikuwa umefungwa."

Absalom alimega tonge. "Nyar Seme," akasema, akimwita binti wa Seme, kwa jina la kwao, kama alivyofanya akiwa na jambo zito, "hizo betri zinatengenezwa na nini? Zinaletwa na nini? Meli. Meli inatumia nini? Ni kamba ile ile. Ikikatika huku, inakatika na kule. Mimi sitaki kung'ang'ania kamba."

"Mafuta yataisha. Sijakataa. Lakini ukiona unga unaisha kwenye debe, unachimba kaburi?"

"Unaenda shambani."

"Unaenda dukani, Baba Joram. Na duka likifungwa, unaenda kwa jirani. Na jirani akikosa, unachemsha viazi. Kaburi ni la mwisho kabisa."

Absalom alitabasamu kidogo, na safari hii lilikuwa tabasamu lake mwenyewe. Lakini hakusogea. "Watu wameshaalikwa," alisema. "Mama yangu ameshachagua jogoo. Utaubeba moto, au utaniacha nisimame pale na shoka?"

Hapo ndipo Absalom alipokuwa amemshika. Mwanamke anayekataa kubeba moto hamkatai mume peke yake. Anaukataa ukoo mzima mbele ya ukoo mzima. Lakini akiubeba, naye mume akaamua kubaki shambani kuungoja mwisho, basi karai limekwisha, shule ya Joram imekwisha, na nafasi ile ya betri atapewa mwingine.

"Nitaubeba," alisema Lornah. "Lakini karai langu siuzi. Kufungua dala si kufunga mji."

"Utaona," alisema Absalom.

"Tutaona," alisema Lornah, akachukua bakuli lake.

Nyumbani kwao Absalom ni kwenye mteremko unaotazama Luanda Kotieno, mahali ambapo ukisimama uani unaiona feri ikienda Mbita na ukiketi unausikia mlio wake. Alfajiri ya Jumamosi, katika jiko la mama mkwe wake Aloo, Lornah alipokea makaa juu ya kigae kikubwa cha chungu kilichovunjika, yakafunikwa majivu kidogo ili yasiungue haraka.

"Ukifika pale kwenye mkonge, geuka, upe upepo mgongo," Aloo alimnong'oneza. "Mimi wangu ulizimika palepale. Nikarudi mbio nikachukua mwingine. Baba Absalom amekufa akijua ni ule ule."

"Mama!"

"Nini? Dala si liko? Watoto si nilizaa? Nenda."

Wakaenda. Joram alitangulia na jogoo kwapani, ambaye alimnyea njia nzima. Absalom akafuata na shoka begani. Lornah nyuma yao na moto, akipita pale kwenye mkonge amegeuka, mgongo upande wa ziwa, akitembea kinyumenyume kama kaa. Baba Obonyo, mdogo wa marehemu baba yake Absalom, ndiye aliyewapokea kwenye kiwanja kipya. Alikuwa amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa limeshaanza kuchoma, na alisema maneno yaliyopasa kusemwa. Nguzo ya kwanza ikaingia ardhini.

Nyumba ya kwanza ya dala hujengwa siku moja ikaisha, na siku hiyo wajenzi walikuwa wengi ajabu. Wavuvi wote walikuwa nchi kavu. Petroli ilikuwa imekosekana ufukweni tangu mwanzo wa juma, boti zimepandishwa mchangani, wanawake wa omena, wale dagaa wa ziwani, wamekunja nyavu zao za kuanikia wakawa hawana la kuanika. Kwa hiyo wanaume walikuja kusimamisha nguzo na kupiga mabati, na wanawake wakaja kukandika udongo, na wote walikuja na manung'uniko yale yale.

"Jana nimekwenda mpaka Ndori na mtungi. Nimerudi na mtungi."

"Yule wa dukani alikuwa na chupa mbili za soda zimejaa petroli. Bei aliyotaja, nikamuuliza kama ni manukato."

"Absalom, wewe wa kituo, si ungetuletea hata kifuniko?"

Absalom alikuwa na misumari mdomoni. Lornah aliona kwamba aliendelea kuwa nayo mdomoni hata misumari ilipokuwa haihitajiki tena. Baada ya chakula cha mchana alimwona pia, yeye na kijana mmoja wa mkokoteni, wakitoka upande wa simba na mzigo uliofunikwa mikeka, kisha tena, kisha tena. Hakushangaa. Mtu akishatoka kwenye simba kwa shoka na jogoo, harudi kulala humo wala kuweka vitu humo. Chochote chake lazima kitoke siku hiyo hiyo. Alidhani ni vitanda vya zamani, vitabu vya shule, ule uchafu ambao wanaume huuita mali.

Jua lilipoanza kuelekea kisiwa cha Rusinga, nyumba ilikuwa imesimama, udongo wake ungali mbichi, bati likimeta. Moto ulikuwa umelishwa uani kutwa nzima. Sasa ilibaki jambo moja tu: mke auingize ndani, auwashe katikati ya sakafu, dala liwe dala. Watu wakasogea. Baba Obonyo akafunga vifungo vya koti.

"Nyar Seme. Ingiza moto."

Lornah akateka makaa kwenye kigae, yakiwa mekundu na yenye ulimi mdogo wa mwali, akaenda kwa hatua za bibi harusi mpaka kizingitini. Mguu mmoja ukaingia. Pua ikaingia. Akausimamisha ule mguu mwingine hewani.

Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi ya pili.

"Ingia, mama," alisema Baba Obonyo.

"Baba, siingii."

Aloo alishika kichwa. Mwanamke mmoja nyuma alisema "Yaye!" kwa sauti ya mtu aliyelipia tiketi.

"Umesemaje?"

"Nimesema siingii na moto humu ndani." Hakumtazama mzee. Alimtazama mumewe. "Baba Joram, chumba cha ndani kuna nini?"

Absalom alitazama viatu vyake.

"Kuna nini chini ya mikeka?"

"Ni... akiba," alisema Absalom.

"Akiba ya nini?"

Mtu mmoja wa karibu na ukuta alinusa, akanusa tena, akapiga kelele: "Petroli! Wallahi ni petroli!" Na watu waliokuwa wamesogea mbele wakarudi nyuma kwa pamoja kama wimbi, isipokuwa wavuvi, ambao walisogea mbele.

Ilikuwa mitungi, mikubwa ya manjano, imepangwa mpaka kifuani mwa mtu. Aliinunua kwa mshahara wake mwenyewe, mtungi kwa mtungi, kabla pampu hazijakauka, akaituma nyumbani kwa lori la barafu ya samaki na kuificha kwenye simba. Ilikuwa ni ya siku ya mwisho. Ya kusagia mahindi, alieleza, ya kupeleka mgonjwa hospitali, malori yatakaposimama. Na kwa kuwa alikuwa anahama simba leo, na harudi tena humo, ilimbidi aihamishe leo. Mmoja ulikuwa umevuja sakafuni.

"Kwa hivyo hela ya viatu vya shule vya Joram ilizama humo," alisema Lornah.

"Nilitaka tusiwahi kukosa."

"Na moto ulitaka niuwashe wapi? Juu yake?"

Ilikuwa wazi kwa kila mtu pale kwamba mtu huyu, aliyekuwa amepanga mwisho wa dunia kwa miezi, hakuwa ameipanga jioni hii. Mtu mmoja alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Kisha Aloo mwenyewe akacheka, mikono ikiwa bado kichwani, na kiwanja kizima kikaenda naye. Ni Baba Obonyo peke yake aliyebaki na uso wake.

"Chekeni," alisema. "Jua likizama moto uko nje, hapa hakuna dala. Kuna banda tu."

"Moto si tuwashe hapa uani, Jaduong'?" alishauri mtu, akimwita mzee kwa heshima.

"Wewe dala lako uliwashia uani?"

"Basi jikoni."

"Jiko lipi? Unaliona jiko?"

"Itoeni hiyo petroli," alisema Lornah. Alikuwa bado ameshika kigae, na mikono ilikuwa imeanza kuhisi joto. "Itoeni, tukwangue udongo uliolowa, tuache mlango na madirisha wazi. Muda upo kama tutaacha kubishana."

"Tuipeleke wapi?" aliuliza Absalom, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza apeleke wapi watoto wake.

Wavuvi walikuwa wanamtazama. Kutwa nzima walikuwa wamenung'unika mbele yake huku wakimjengea nyumba, na kutwa nzima mitungi ilikuwa pale. Lornah aliona masikio ya mumewe yakibadilika rangi.

"Ufukweni," alisema Absalom. "Ipelekeni ufukweni."

"Bei?" aliuliza mmoja, kwa uangalifu.

"Nakulipa mara mbili!" mwingine alidakia nyuma.

"Bei ya kituo," alisema Absalom. "Ile ile niliyonunulia. Mimi si yule wa manukato."

Aloo alimpokonya Lornah kigae. "Nipe. Nitaupepea mimi. Huu wako hautazimika, na ukizimika najua pa kuupata. Nenda ukamwangalie mume wako asijizamishe."

Ufukweni habari ilikuwa imeshafika kabla ya mkokoteni. Watu walitokea kutoka kila upande, na mitungi, na chupa, na mmoja na sufuria ambaye alirudishwa. Vijana walikuwa wanasukumana. Kwa dakika chache ilionekana kama vita itazuka juu ya mkokoteni, na Lornah alianza kufikiri kwamba labda yule mtu wa michoro alisema kweli kuhusu binadamu.

Ndipo Absalom alipopanda juu ya boti iliyopinduliwa, akapiga kofi.

"Wakubwa! Foleni moja. Boti za wenye watoto wachanga nyumbani mbele. Mwenye sigara aende akavutie Mbita. Hakuna kusukumana, ipo ya kila mtu." Akashuka, akashika mpira wa kumiminia, akauelekeza kwenye mtungi wa kwanza. "Karibu, Boss. Tuweke ngapi?"

"Jaza!"

"Twende na jaza. Nani mwingine? Ipo, ipo. Madam, hicho kifuniko kina ufa, badilisha kwanza, nakungoja."

Lornah alisimama kando. Alikuwa hajaiona sauti hiyo, maana sauti nyingine huonekana, kwa muda mrefu sana. Mume wake alikuwa anamimina akiba yake ya siku ya mwisho kwenye mitungi ya watu, na kila mtungi uliokwisha ulimnyoosha mgongo kidogo. Alitania. Aliuliza habari za wagonjwa. Alimkumbusha mzee mmoja deni la salamu. Omena wangevuliwa tena, na wanawake waliokuwa wamekunja nyavu walikuwa tayari wanazikunjua wakiimba wimbo wa kumsifu Absalom ambao ulianza kwa kumwita mkarimu na ukaishia kumwita mpumbavu anayelala na petroli.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakupanga foleni. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa boti yake akila muwa. Jina lake Owiti, na nyuma ya boti yake kulikuwa na injini nyembamba yenye waya mnene.

"Bwana, wewe hutaki?" Absalom alimwita.

"Mimi nina betri. Inachajiwa pale kwenye bati la sola la wenye ushirika."

Absalom alimpa mwingine mpira wa kumiminia. Lornah aliona. Alitembea mpaka kwenye boti ya Owiti, polepole, kama mtu anayekwenda kumtazama nyoka aliyeambiwa hana sumu.

"Na ikiisha katikati ya ziwa?"

"Petroli ikikuishia katikati ya ziwa, wewe hufanya nini?"

"Unapiga kasia."

"Basi. Mkono ni ule ule." Owiti alitema kapi. "Haina kelele. Siku ya kwanza nilidhani imezimika, nikaipiga teke. Lakini sitakudanganya, ina ubaya wake. Ni nzito, na ikigoma, namngoja kijana atoke Kisumu wiki nzima. Watu wa kuielewa hakuna. Mwezi jana nimekaa hapa siku hizo zote natazama wenzangu wakienda."

"Inagoma wapi?"

"Ningejua ningekuwa nimekaa?"

Absalom alichuchumaa. Aligusa waya. Akaufuata kwa kidole mpaka kwenye kisanduku, akaegemeza sikio kama daktari. Jua lilikuwa limeshika vilima sasa, na juu kwenye mteremko Baba Obonyo alikuwa anapunga koti lake zima kama bendera.

"Baba Joram," alisema Lornah. "Moto."

"Nakuja. Owiti, hapa panaingia maji, unaona? Hapa kwenye unganisho."

"Absalom!"

Walipanda mteremko wakikimbia, Absalom ameshikwa mkono kama mtoto aliyetolewa sokoni. Udongo uliolowa ulikuwa umekwanguliwa na kutupwa mbali, mlango na madirisha yalikuwa wazi, na upepo wa ziwa ulikuwa unapita ndani ya nyumba moja kwa moja. Baba Obonyo aliingia kwanza, akanusa kila pembe kwa heshima kubwa, akatoka, akaitikia kwa kichwa. Aloo akamkabidhi Lornah kigae bila kumtazama machoni, na Lornah hakuuliza lolote kuhusu moto ule.

Akaingia nao.

Asubuhi ya Jumapili walikuwa uani, wawili peke yao, kwenye mafiga matatu. Joram alikuwa bado amelala. Boti zilikuwa zimerudi na omena, na mteremko mzima ulinuka omena mpya, harufu ambayo watu wa hapo huiita harufu ya ada ya shule.

"Bado nasema yataisha," alisema Absalom.

"Yataisha."

"Yule mtu wa simu hajakosea hesabu."

"Hajakosea. Lakini hajakuambia cha kufanya Jumatatu."

Absalom alichokonoa meno kwa kijiti. Kisha akatoa simu, akapiga namba, na kwa kuwa spika ya sikio iliharibika zamani, Lornah alisikia kila neno.

"Emma. Habari ya huko. Sikiliza, ile nafasi ya betri..."

"Nimepewa mimi," alisema Emmaculate. "Boss alikungoja mpaka jana jioni. Ulikuwa hupatikani."

Lornah aliacha kukoroga chai. Absalom alikaa na simu kiganjani, na kwa muda kidogo uso wake ulielekea kulekule ulikozoea kwenda.

"Lakini sasa anataka watu wawili," iliendelea simu. "Mmoja wa kuongoza, mmoja wa kujifunza."

"Wa kuongoza ni nani?"

"Absalom, unauliza au unalia?"

"Emma, mimi ndiye niliyekufundisha kushika bomba."

"Na ulinifundisha vizuri. Njoo Alhamisi. Najua dala mnalilalia siku nne, mimi pia nina kwetu. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, usichelewe, na zile video zako uziache huko huko."

Absalom alitazama chini ziwani. Owiti alikuwa anasukuma boti yake majini, peke yake, bila mlio wowote.

"Betri zikiingia maji kwenye unganisho," aliuliza Absalom, "mnafanya nini?"

"Sijafundishwa bado. Utauliza ukija. Sawa?"

"Sawa."

"Sawa nani?"

Akavuta pumzi. "Sawa, Madam."

Lornah aliinamia mafiga, akapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa, akapuliza tena, mpaka moshi ukamfunika uso wote, mabega yakitikisika.

"Unacheka nini?" alisema Absalom.

"Ni moshi," alisema Lornah. "Kunywa chai, mwanafunzi, kabla haijapoa."